Unga wa Matairi

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la tano, nikaingia Eldoret na pampu moja na viraka vya pancha, na leo uliza mtu yeyote Munyaka ile ghorofa ya kijani ni ya nani. Ni yangu, na ilijengwa na matairi.

Wakati wa vita vya uchaguzi, vijana waliingia uani kwangu wakabeba rundo langu lote la matairi makuukuu. Walikuwa vijana wa hapa hapa, ambao nilikuwa nikiwajazia baiskeli upepo bure wakienda shule. Mmoja akaniambia, "Buda, shukuru tumechukua tairi tu." Wakayachoma katikati ya barabara. Nyumba za majirani ziliungua, watu wakahama, na hiyo sitaisahau. Lakini nikisema ukweli, ile lami nayo iliniuma kivyake. Tuliililia miaka, ikayeyuka kwa siku moja chini ya mali yangu, na miaka iliyofuata tukawa tunaruka mashimo kama mbuzi.

Basi kontrakta aliyepewa barabara za mtaa wetu aliposema anatafuta mtu wa kumsagia matairi, ule unga wa mpira uchanganywe na lami moto ili barabara isipasuke mapema, nilimwambia asitafute tena. Niliuza shamba langu la Kaptagat nikanunua mashine ya kusaga. Ndugu zangu waliniita mwendawazimu. Kontrakta naye akaweka sharti: kabla anunue hata gunia moja, mchanganyiko lazima upite maabara. Ukishindwa, atamwaga lami ya kawaida.

"Na mashine yangu?" nikamuuliza.

"Utasagia kuku chakula, Mzee wa Tairi."

Nilimeza hayo matusi. Nikasaga. Nyaya za ndani ya matairi tulizitoa zote. Shida ni kwamba ule unga ulitoka kijivu, umejaa vumbi, na mimi sijawahi kutoa mali dukani ikiwa imefifia. Katika biashara yetu tairi kuukuu haliwekwi nje kabla halijapakwa oili chafu iliyochanganywa na dizeli, ling'ae kama jipya. Kila muuzaji hufanya hivyo. Basi nikaupaka unga wangu pia, nikaukoroga ndani ya pipa mpaka ukawa mweusi wa kupendeza. Nikapeleka magunia maabara nikiwa nimevaa koti.

Injinia wa pale alikuwa mama mmoja mpole. Walichanganya unga na lami na kokoto, wakagonga kwa nyundo nzito mpaka zikatoka keki nyeusi za duara. Keki zinatiwa kwenye maji ya moto, kisha mashine inaziminya kuona zitavumilia kiasi gani. Zangu hazikufika kwa mashine. Injinia aliinua ya kwanza, ikabonyea mkononi mwake kama ugali haujaiva.

Kontrakta akaangua kicheko. "Mzee wa Tairi, umetuletea uji!"

Injinia hakucheka. Alinusa gunia. "Mzee, hii umeipaka nini?"

"Dizeli kidogo na oili. Ing'ae."

"Ing'ae?" Akaniangalia. "Mzee wangu, dizeli ndiyo tunaoshea lami ikishika kwenye vyombo. Inailainisha."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Siku nilipoenda maabara kuuliza masharti, walinipa karatasi inayosema punje ziwe ndogo kiasi gani, nyaya zitolewe vipi, magunia yafungwe vipi. Mbona hakuna aliyeandika usipake? Nikamwambia hivyo, kwa sauti.

"Nilitaka kukueleza siku ile ulipokuja," akasema. "Ulisema umeshika matairi kabla mimi sijazaliwa."

Nilikuwa nimesema, na ni kweli. Lakini mtu akisema hivyo ndiyo unamwacha aangamie? Mpaka leo sikubali. Mwenye kujua anafaa kusema hata akifukuzwa.

Kontrakta alikuwa tayari anatafuta funguo za gari. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia anipe kipimo kimoja tena, na kila kitu nitalipa mimi. Akasema, "Kabla mtambo wa lami uwashwe. Usiponiletea, tusijuane."

Magunia yote yaliyopakwa nilitupa. Nikanunua matairi mengine, nikayaosha kwa sabuni na maji, nikayaanika, nikasaga unga ule ule wa kijivu, mbaya, wa aibu. Safari hii keki zilitoka majini zikiwa ngumu, na mashine ilihangaika nazo. Injinia akaandika, akasema, "Zimepita, Mzee." Kontrakta hakuomba msamaha. Alisema tu, "Leta magunia."

Nilipeleka. Lakini matairi mapya, sabuni, mafuta ya mashine, vibarua, usafiri na kile kipimo cha pili vilitoka mfukoni mwangu, kwa sababu ya neno moja, "usipake", ambalo hakuna aliyeliandika kwenye karatasi. Jumla ni shilingi themanini na nne elfu, mia sita na hamsini.