Picha ya Kiwanja Kitupu

Karani wa manispaa aliwaandikia wafadhili wa bustani kwamba kiwanja cha mtaani kwetu hakitumiwi na mtu, ilhali mimi nimefulia watu nguo pale tangu nilipoachika. Ana sauti ya chini, na kila akisimama huinama kufuta viatu kwa leso. Siku ya kupiga picha alianua shuka zangu kwa mikono yake laini, akazikunja vizuri kuliko mimi.

"Sogea nyuma yangu kidogo, mama."

"Kwani sura yangu itawatisha wafadhili, mwanangu?"

"Picha tu hii. Utarudi."

Fedha zilikuja, uzio ukasimama, mlinzi akanifukuza na beseni langu. Yule karani bado namdai: arudi kwa wafadhili wake, awaambie nilikuwepo.