Mama Mkwe na Mwenye Ufunguo wa Maji

Kama kulikuwa na mtu mmoja katika Eldoret yote aliyependa mfereji kupita kiasi, ni Walubengo. Sisemi alipenda maji, kwa sababu maji kila mtu anayapenda. Nasema mfereji wenyewe, lile bomba lililosimama wima katikati ya lokesheni, mtaa wa Waafrika, likamfika mtu mzima kiunoni, na koki yake ya shaba ambayo Walubengo aliisugua kwa jivu kila Jumamosi mpaka ikang'aa. Manispaa ilikuwa imemwajiri aulinde. Saa kumi na mbili asubuhi alifungua kufuli la sanduku la chuma lililofunika koki, akaketi kwenye kigoda chake mpaka saa tatu. Alasiri alirudi saa kumi, akafunga saa kumi na mbili. Sheria za kazi zilikuwa mbili tu: ufunguo usiingie mkononi mwa mtu mwingine, na mfereji ukiwa wazi yeye asiondoke.

Akina mama waliopanga laini na madebe yao walimtania bila huruma. Walisema ameoa mke wa pili, tena wa chuma. Walubengo alivuta kofia yake mbele, akaendelea kufungua koki. Walikuwa na haki ya kucheka. Walikuwa wanacheka na madebe yao yamejaa maji safi, na hilo kwake lilitosha.

Alikuwa ametoka Kimilili mwaka wa 1936 akiwa kijana, akaandikwa kazi ya kuchimba mitaro ya mabomba. Alichimba mitaro ya kwenda kwa Wazungu, akachimba ya kwenda kwenye maduka ya Wahindi, na miaka yote hiyo yeye na wenzake wakirudi lokesheni jioni walikunywa maji ya mto Sosiani. Walichota chini ya kivuko, mahali ng'ombe walinyweshwa na nguo zikafuliwa, na mvua ikinyesha kila taka ya huko juu iliteremka hapo. Mwaka wa 1944 mtoto wake wa kwanza, msichana wa miezi saba, alianza kuhara Jumatatu. Alhamisi wakamzika. Walubengo hakupenda kulizungumza jambo hilo na mtu yeyote. Lakini bomba lilipofika lokesheni baada ya vita, saruji yake ilikuwa bado mbichi alipokwenda kwa nyapara Kipkemboi kuomba kazi ya ufunguo, na siku alipopewa aliapa kwamba mtoto wake mwingine hataonja maji ya mto.

Mtoto mwingine alikuja mwaka wa 1948. Mvulana, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Mama yake, Nangila, alitoka katika uzazi ule na homa, miguu haina nguvu, hata debe tupu lilimshinda. Ikabidi mama yake mzazi, Mama Nanzala, apande lori la mahindi kutoka Kimilili aje kumuuguza. Hapo ndipo matatizo ya Walubengo yalipoanza.

Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawatazamani, hawaitani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na huko kijijini ni heshima rahisi, maana pori lipo. Lakini lokesheni ya Eldoret ilikuwa na vyumba vilivyobanana safu kwa safu, na Walubengo alikuwa na chumba kimoja. Utaingia pori gani? Alikunja blanketi lake akahamia kwa rafiki yake Nicholas, mpishi wa hoteli, safu ya tatu. Akitaka kupita karibu na nyumba yake mwenyewe alikohoa kwanza, kwa nguvu, kama mtu mwenye kifua kibovu, na ndani ya nyumba Mama Nanzala alijifunika kitambaa usoni hata kama mlango ulikuwa umefungwa. Kila alasiri Walubengo alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama chini ya dirisha, akaongea na mkewe kupitia ukutani. Mtoto aliinuliwa dirishani amwone, halafu akateremshwa.

Maji hayakuwa na shida, na sababu ilikuwa Jepkosgei, jirani yao, mama Mnandi mnene mcheshi ambaye mumewe alifanya kazi reli. Kila asubuhi Jepkosgei alikuja kwenye mfereji na madebe mawili, lake na la nyumba ya Walubengo.

"Nyinyi watu wa Kimilili mnanishangaza," alisema. "Mimi mkwe wangu akinikimbia namna hiyo nitafikiri ninanuka."

"Mama, jaza uende, laini ni ndefu," Walubengo alimjibu.

Basi Jumatatu moja Jepkosgei akaenda kwao upande wa Chepkoilel, harusini, siku tano. Alipoaga alimwambia Mama Nanzala kwamba wiki hiyo atafute mtu mwingine wa kumletea maji. Mama Nanzala aliitikia. Hakumjua mtu mwingine. Angemwambia nani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga? Kwenye mfereji hangeweza kufika hata kwa dawa, maana mume wa binti yake amekaa pale pale na ufunguo wake kama chifu kwenye baraza. Akachukua debe akateremka mtoni. Kwao maisha yake yote alichota mtoni, wala hakuona ajabu.

Nangila, amelala na homa yake, aliona debe limejaa akajua ni maji ya mfereji. Walubengo aliona debe la nyumba yake halikuja Jumatatu, halikuja Jumanne. Lakini ilikuwa ikinyesha kila alasiri na kila mtu lokesheni ameweka sufuria chini ya paa. Akajiambia wanatumia maji ya mvua, wamejipumzisha na laini. Watu watatu katika familia moja, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya habari, na aliyezoea kuzipeleka huku na huku alikuwa harusini Chepkoilel akinywa mursik, maziwa ya kibuyu.

Siku ya Jumatano, baada ya kufunga asubuhi, Walubengo alipita nyuma ya nyumba. Akakohoa. Mtoto hakuinuliwa dirishani.

"Baba," Nangila alisema, "mtoto anahara, anatapika, mwili wake ni moto. Tangu jana. Ananyonya kidogo halafu anaacha, na macho yake yameingia ndani."

Walubengo alishika ukuta. Maneno yale alikuwa ameyasikia mara moja maishani, na alijua yanakopeleka.

"Mmempa maji gani?"

"Ya debe. Mama anampa kwa kijiko."

"Debe nani amechota? Jepkosgei hayuko."

 Halafu akamsikia Nangila akimuuliza mama yake kwa lugha ya kwao, na sauti nyingine ikajibu chini chini, sauti ambayo kwa wiki tano Walubengo alikuwa anajilazimisha asiisikie. Aliisikia yote. Alisikia neno la mto. Alimsikia bibi wa watu akieleza kwamba kwenye bomba yupo mkwe, na yeye angefanyaje.

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani ingekuwa nafuu kama wangepiga. Walubengo alitaka kumkasirikia yule mama akashindwa, kwa sababu alichofanya ni kumheshimu yeye. Alitaka kujikasirikia mwenyewe, na hapo hakushindwa hata kidogo. Mlinzi wa mfereji! Amenywesha lokesheni nzima maji safi, na mwanawe mwenyewe ananyweshwa tope hatua mia mbili kutoka kwenye kigoda chake.

Wakaenda zahanati, na hata hapo walikwenda kama vichekesho. Mama Nanzala mbele, mtoto mgongoni, kitambaa kimefunika uso mpaka akajikwaa mara mbili. Walubengo nyuma, mbali, akitazama miguu yake. Mganga wa zahanati alimwona mtoto, akatoa dawa ya chupa, akasema jambo kubwa ni maji. Maji safi, yachemshwe, yapoe, mtoto apewe kijiko baada ya kijiko bila kuchoka. Vitambaa vyake vifuliwe, mikono ioshwe kila saa, na maji ya mtoni yasiguswe tena. Akikojoa, alisema, mjue maji yameanza kumkaa mwilini.

Walipofika nyumbani Walubengo alikwenda mbio kufungua mfereji ingawa haikuwa saa yake, akajaza debe, akalifunga tena sanduku, akaliweka debe mlangoni, akakohoa, akatoweka. Saa kumi ikagonga. Ikabidi arudi kwenye kigoda. Laini ilikuwa imeshafika kwenye duka la Mhindi.

Hajawahi kuona alasiri ndefu kama ile. Alikuwa anafungua koki na kufunga koki, akiwasikia akina mama wakimsemesha bila kuelewa wanasema nini. Kila aliyekuja kutoka upande wa safu yake alimtazama usoni, akitafuta habari. Alitaka kumwomba mtu akachungulie, akaogopa jibu. Debe moja la kuchemsha, la kufulia vitambaa, la kunawa: alijua haliwezi kufika jioni. Na hangeweza kuondoka, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kutumwa.

Kama saa kumi na moja hivi, kelele za laini zilikatika ghafla. Walubengo akainua kichwa. Akina mama walikuwa wamesogea pembeni, huku na huku, na katikati yao anakuja Mama Nanzala na debe mkononi. Kitambaa hakikuwa usoni. Alikuwa amekifunga kiunoni, kama mwanamke anayekwenda shambani.

Walubengo alisimama. Mwili wake ulitaka kukimbia wenyewe. Hata mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Lakini maji yalikuwa yanamwagika kwenye debe la mtu, koki iko wazi, ufunguo uko kwenye mkanda wake. Akajifunika uso kwa kofia akabaki hapo, mkono mmoja juu ya koki.

"Usikimbie, mwanangu," Mama Nanzala alisema, mbele ya watu wote. "Ukikimbia nani atanifungulia?"

 Hata wale Wanandi na Wakikuyu ambao desturi haikuwahusu walielewa kwamba kitu kikubwa kimetokea.

"Yule msichana mlimzika mimi niko mbali, na nililia peke yangu," akaendelea, wala hakuishusha sauti yake. "Huyu sitamzika kwa sababu ya kuona haya. Kama kuna kosa, wazee wa Kimilili waje wanidai mimi. Jaza debe. Ukifunga kazi, uje nyumbani kwako."

Mwenye debe lililokuwa chini ya mfereji alilivuta haraka, likiwa nusu. Walubengo akaweka lile la Mama Nanzala. Maji yakaingia kwa kishindo, meupe, mengi, na yeye akasikia kifuani mwake kinalegea kitu kilichokuwa kimekaza tangu asubuhi, na nikisema ukweli, kilikuwa kimekaza miaka minne. Alilia chini ya kofia. Akina mama waliomtania kila siku siku hiyo walitazama pengine. Mmoja wao alimtwika Mama Nanzala debe kichwani, mwingine akamfuata na ndoo yake mwenyewe iliyojaa, bila kuombwa.

Saa kumi na mbili alifunga sanduku, akavuta kufuli mara mbili, akaenda nyumbani. Alipofika mlangoni alikohoa kwa mazoea.

"Ingia," sauti zote mbili zilisema.

Chumba kilikuwa kinanuka sabuni na moshi. Vitambaa vyeupe vimeanikwa kwenye kamba juu ya kitanda, Nangila ameketi ameegemea ukuta, uso wake umekonda lakini macho ni mazima. Mama Nanzala alikuwa chini karibu na jiko, kijiko mkononi, akimpa mtoto maji tone kwa tone.

"Tangu adhuhuri ameacha kutapika," Nangila alisema. "Na saa hii amenyonya. Amenyonya vizuri, Baba."

Walubengo hakujua akae wapi ndani ya nyumba yake. Mama Nanzala akamaliza matatizo hayo kwa kumwekea mtoto mikononi, kisha akageukia sufuria yake. Mtoto alikuwa mwepesi, mwepesi sana, lakini moto wa ile homa ulikuwa umeondoka, na midomo yake ilikuwa na unyevu. Alifungua macho akamtazama baba yake kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Walubengo akaketi polepole kwenye ukingo wa kitanda.

Ndipo akahisi joto. Lilianza juu ya paja, likaenea kwenye kaptula ya kaki ya manispaa, likateremka mpaka gotini. Alishtuka, akamwinua mtoto kidogo, akaona.

"Amekojoa," akasema.  Akasema tena kwa nguvu. "Jamani, amekojoa!"

"Amekojoa?" Mama Nanzala aliruka na kijiko chake. "Tangu jana asubuhi hajakojoa! Tangu jana mimi ninatafuta mkojo kwenye kitambaa, sioni!"

Nangila akaanza kucheka huku machozi yanatoka, akashindwa kuacha. Walubengo naye akacheka, kaptula imelowa, na katikati ya kicheko akagundua kwamba anamtazama mama mkwe wake usoni, na yeye anamtazama. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, sawasawa na wa Nangila. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kulijua hilo. Hakuna aliyegeuza macho.

Akataka kumweka mtoto kitandani ajipanguse.

"Mwache hapo," Mama Nanzala alisema, akipangusa machozi kwa kiganja. "Mwache amalize."