Amplifaya ya baa tuliyoipaka mafuta kanisani

Wakuu, amani iwe kwenu kutoka huku Runyenjes. Mvua imenyesha, tunashukuru.

Mimi ni mzee wa kanisa, umri wa kustaafu nimeupita, sina sababu ya kuwadanganya watu nisiowaona. Wale ninaowaona ndio hunipa majaribu.

Kuna mkuu humu aliuliza kama ni busara kununua amplifaya kuukuu. Nimeona nimjibu kwa uzi mzima, kwa sababu jibu langu lina moshi ndani.

Shida ilianza na mke wangu, Mama Mugendi. Masikio yake yamezeeka kabla ya miguu, na amp ya kanisa letu ilikuwa ikinguruma kuliko kuhubiri.

Kwa hiyo alifuata ibada kwa macho. Akiona midomo ya watu inafunguka, anasema "Amina", peke yake, baada ya kanisa zima kunyamaza. Watoto wa Sunday school walikuwa wanaingoja hiyo Amina kama peremende.

Akaanza kusema atakuwa anabaki nyumbani na mbuzi.

"Mbuzi nawasikia vizuri," aliniambia.

Iliniuma. Nikamwahidi kwamba Jumapili ya mavuno atasikia kila neno.

Kamati ilitaka amp mpya yenye taa za rangi, kwa sababu kanisa la ng'ambo ya barabara linayo. Niliuliza taa zinamsaidia nani kusikia. Mzee Njiru, katibu wetu, akajibu, "Mzee mwenzangu, hata Mungu anapenda nuru."

Hoja nzito. Lakini nilikuwa nimeshika moja ya hizo mpya dukani, ilikuwa nyepesi kama sufuria tupu. Za zamani zina transfoma ya chuma. Ukiibeba unajua umebeba kitu.

Nikapata moja Embu mjini kwa muuzaji wa mitumba. Niliinua, mgongo ukalalamika, nikafurahi. Nikanusa, hakuna harufu ya kuungua. Nikaiwasha bila muziki, kimya, haikunguruma. Nikazungusha volume, ikakwaruza kama mahindi kwa kikaango.

"Hiyo ni vumbi tu, mzee," muuzaji akasema.

Kwa hilo alisema kweli. Kuhusu fyuzi sikumwuliza. Wakuu, kumbukeni hapo kwa fyuzi.

Ikiwa imebaki wiki moja kufika mavuno, nikaiweka mbele ya kamati. Njiru alipoiona tu akaruka.

"Hii naijua! Si hii ni ya ile baa ya Kiritiri!"

Pastor akamgeukia polepole. "Umeijuaje, katibu?"

"Nilikuwa napita tu. Kwa barabara."

"Na hii alama ya chupa hapa juu?" nikauliza kwa upole.

"Hiyo ni ya yule jamaa wa kaunta, hakuwa anasikia akiambiwa asiwekelee..." Akakohoa.

Tulishukuru kwa ushuhuda wake. Hakuna muuzaji angetupa historia ya mashine kwa ukamilifu huo.

Kamati ikaamua kwamba mashine iliyoimbia walevi haiwezi kubeba Neno kabla ya kuombewa. Nilikubali, maana hata sisi wengine tulikotoka si pazuri. Na huku kwetu hakuna kitu kinachoanza kazi bila maombi, iwe ni gari, tangi la maji au ng'ombe wa maziwa.

Lakini ng'ombe hana matundu mgongoni.

Pastor akaleta chupa ya mafuta, akamimina kidogo. Mashine ilikuwa imewashwa na imepata joto.

"Ongeza, Pastor," Njiru akasema. "Hii ilikaa kule miaka mingi."

Pastor akaongeza. Mafuta yakaingia kwa yale matundu ya hewa. Moshi ukatoka.

"Toka!" Njiru akapiga kelele. "Toka na usirudi!"

Wakuu, kamati ilishangilia. Mimi ndiye niliyekimbia kuchomoa waya, na baadaye niliulizwa kwa nini nilizuia ukombozi.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi Kawira, dada wa kutoka Meru mwenye kibanda chake Embu. Akafungua, akanusa.

"Guka," akaniita, yaani babu, "mlikuwa mnaibariki ama mnaikaanga?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kisha akaacha kucheka.

Mahali pa fyuzi palikuwa na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kabisa.

"Mafuta hayajaharibu kitu, yameungua tu kwa chuma cha moto," akasema. "Lakini hii? Siku stima ingeleta fujo, hii haikatiki. Mngeimba mkiungua."

Nilikaa chini. Bila ule ujinga wetu wa mafuta, nisingeifungua kamwe.

Akaisafisha, akaweka fyuzi ya kweli, akapuliza dawa kwa volume na mkwaruzo ukaisha. Pastor anasema ni upako. Kawira anasema ni dawa. Mimi nashukuru kwa vyote, ingawa risiti niliyo nayo ni ya dawa.

Basi mkuu uliyeuliza, nunua ya zamani bila hofu, ila fundi aifungue kwanza na fyuzi uione kwa macho yako. Juu ya matundu usiweke kitambaa, chupa wala baraka. Kama ni lazima, pakeni mlango.

Jumapili ya mavuno ikafika. Sauti ilikuwa safi kama maji ya mlimani. Nilikaa nyuma na Mama Mugendi. Pastor aliposema neno la kwanza la kuitikiwa, mke wangu akasema "Amina" pamoja na kanisa zima. Watoto walisikitika. Mimi nilifuta macho.

Baada ya muda mrefu akanivuta koti.

"Baba Mugendi, kwani tangu masikio yangu yalipozeeka, Pastor amekuwa akihubiri hii hii moja?"

Nikamwambia ndiyo.

Akafikiri kidogo. "Nani amebaki na mbuzi?"

Nawakaribisha, aliyeunguzwa na mashine kuukuu na aliyebarikiwa nayo, tusikie. Mzee Njiru pia yumo humu jukwaani, ingawa anasema huwa anapita tu.