Sauti Iliyokuwa Tumboni mwa Sungura

Fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule katika baraza ya nyumba yao, hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ametutoka. Presha ilimpanda asubuhi akichemsha chai, adhuhuri ikamkuta hayupo tena, na alasiri ile ile akazikwa. Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua. Hakuwa mtu wa majukwaa. Alikuwa mtu wa futi, chaki na pini mdomoni. Lakini kama ulilelewa ukanda huu, kuanzia Dar mpaka Pangani, nina hakika umewahi kumsikia. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikairudisha, maana kila nikiisoma mwili unanisisimka: umewahi kumsikia, na huenda utamsikia tena.

Naizungumzia ile midoli ya plastiki iitwayo Waungwana. Yuko sungura wa kanzu, yuko kobe mwenye kofia ya viua, yuko tumbili wa kike aliyejifunga kanga. Ukimbonyeza tumboni husema, “Shikamoo!” Basi, hana lingine. Utamu wake ulikuwa hapo. Mtoto wa pwani huamkia kutwa nzima: anaamkia muuza maji, anaamkia rafiki wa dada yake, anaamkia mpaka anaowachukia. Hana wa kumwamkia yeye. Siku akiletewa sungura anayempa heshima, anapanda cheo. Nami “marahaba” yangu ya kwanza nilimpa sungura. Tena tukinyamaza tulikaripiwa, kwa sababu shikamoo haiachwi ikining'inia hewani, hata ikitoka kwa mnyama wa plastiki.

Sasa tumekua, tuna shahada ukutani na kazi za kubahatisha, na baadhi yetu tunaikusanya midoli ile. Tuna kundi letu kwenye simu. Humo yumo karani wa benki wa Dar ambaye mkewe anatutukana kwa kumjazia nyumba vikaragosi. Yumo mwalimu wa Miono. Nimo mimi, ambaye naweza kukosa usingizi kwa ajili ya sikio la sungura lililopakwa rangi isiyo yake. Tunakagua mshono wa plastiki chini ya kidevu. Tunanusa. Lakini juu ya yote tunasikiliza pumzi. Katika Waungwana wa mwanzo kabisa, kabla ya neno “shikamoo”, inasikika pumzi fupi, kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Waliotengenezwa baadaye wengi hawana. Mwenye mdoli wa pumzi katika kundi letu huongea kwa maringo.

Nilipompelekea fundi huyu kobe wangu ashonewe kanzu mpya, sikujua naupeleka mzigo kwa mwenyewe. Nilimbonyeza kobe bila kukusudia, akaamkia, nami nikaitikia kwa mazoea. Fundi hakuitikia. Hata macho hakuyainua.

“Mama, mbona humwitikii mzee wa watu?” nikamtania.

Akatoa pini mdomoni. “Mtu hujiamkia mwenyewe, mwanangu?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akanisimulia kwamba usichanani mwake alikuwa mfungashaji katika kiwanda kidogo cha midoli kule Dar. Tajiri alitafuta sauti yenye Kiswahili cha pwani kisicho na kasoro, wenzake wakamsukuma yeye. “Niliitwa juu ghorofani, nikapanda ngazi mbio nikidhani nimefukuzwa kazi. Nimefika nahema. Yule mwenye mashine akaniambia, sema shikamoo, nikasema. Akataka turudie. Tajiri akamwambia, ‘Acha hivyo hivyo, umeme wenyewe huu hauaminiki.’” Pumzi tuliyokuwa tukigombea sisi wasomi ilikuwa ya msichana aliyeogopa kupoteza kibarua.

Kisha ukaja uvumi. Tajiri wa kile kiwanda amezeeka, watoto wake wanataka biashara nyingine, na kalibu zote, yale maumbo ya chuma ambamo plastiki humiminwa, huenda zikauzwa kwa mtengenezaji mwingine. Kundi letu likawaka. Karani alisema watatuletea sungura mwepesi kama bakuli la mgahawani. Mama mmoja wa Mapinga akamjibu kwamba afadhali sungura mwepesi kuliko kutokuwa na sungura kabisa, na watoto wake hawajui mshono wa kidevu ni kitu gani. Mwalimu wa Miono akatuma ujumbe wa sauti, anaongea kwa uchungu kama aliyehamishwa shamba: “Mnalilia plastiki, wenzangu. Mimi nalilia harufu. Kiwanda kipya kitatoa wapi harufu ya sebule ya mama yangu?” Tulicheka, lakini nadhani kila mmoja alielewa. Huku kwetu tumezoea kuona vitu vikibadilisha wamiliki. Shamba la minazi linakuwa viwanja, viwanja vinakuwa maghorofa, jina la mahali linabaki lile lile, na wewe uliyezaliwa hapo unauliza njia. Nafikiri tulichokiogopa ni hicho: kitu kubaki na jina lake na sura yake, huku ndani ameshaingia mwingine.

Mtengenezaji mpya alimtuma kijana Bagamoyo kuzungumza na fundi. Kijana mstaarabu, alivua viatu, akaamkia kila mtu. Alimweleza kwamba kalibu wanazinunua na sauti pia wanaitaka. Wataisafisha, waondoe ule uchafu wa mwanzoni. Uchafu ndiyo pumzi. Halafu kompyuta itaifundisha sauti hiyo mambo mengine: kuhesabu mpaka kumi, kusema “nakupenda”, kumwita mtoto kwa jina lake. Fundi akamuuliza ni lini aende kurekodi. Kijana akatabasamu na kumwambia, “Hutasumbuka, mama. Sauti yako tayari tunayo.”

Nilimkuta siku chache baadaye cherehani imefunikwa, na hiyo si kawaida yake. Aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa amekwenda Mapinga kununua vitambaa, akasimama mahali ambapo wauza mitumba humwaga bidhaa chini. Mmoja alikuwa anamwaga gunia la midoli mibovu. Gunia lilipogonga ardhi, Waungwana waliokuwa ndani wakaamkia kwa pamoja. Betri zao zilikuwa zimechoka, sauti zimekuwa nzito, zinaburutika, moja inaanza na nyingine inamalizia. “Nilijisikia niko chini,” akasema. “Mimi nimesimama juu, na mimi niko chini ya lile rundo, naomba kuitikiwa. Watu wanapita.”

“Na wewe uliitikia, mama?”

“Niliondoka. Vitambaa nikaviacha.”

Kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. “Wewe umesoma. Mtu ataulizwa mbele ya Mungu juu ya ulimi wake. Ile shikamoo niliitamka, nitaisimamia. Haya mengine watakayonisemesha, nikiwa sijayasema, nitaulizwa mimi au wataulizwa wao?” Nilijaribu kujibu. Nilianza na habari za haki za msanii, nikapotelea katikati ya sentensi. Akanihurumia, akaniletea kashata. Kijana yule alikuwa amemwomba jibu, naye alimwambia atalifikiria. Alikuwa bado analifikiria asubuhi ile ya chai. Uamuzi ukabaki kwa binti yake wa pekee.

Siku ya khitima mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wanaume walibanana barazani, sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani, mikekani. Kwenye kabati la vyombo ilikuwemo midoli ambayo watu walimletea aitengenezee mavazi, pamoja na sungura wake mwenyewe wa siku za kiwandani, na hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Mama mzazi wa marehemu, bibi mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili, alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Dua ikaisha. Tukasema amin, tukajipangusa nyuso. Ulikuwepo ule ukimya mfupi kabla watu hawajaanza kuulizana sahani ziko wapi. Ndani ya ukimya ule, kutoka kabatini, kwanza ikaja pumzi. Kisha ikaja sauti ya msichana: “Shikamoo.”

Jirani aliyebeba sinia la tende akasimama pale pale kama aliyechorwa. Shangazi mmoja akasema, “Audhubillahi,” akashika kitambaa cha kichwani. Hakuna aliyeangalia kabati. Wote tulimwangalia bibi.

“Marahaba, mwanangu,” akasema bibi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akageuza uso upande ilikotoka sauti. “Mbona unahema hivyo? Nani anakukimbiza?”

Naijua sababu. Chumvi ya huku hula vyuma, na ile springi ndogo iliyomo tumboni mwa mdoli ikishika kutu, unyevunyevu unatosha kuifanya iguse bila kubonyezwa. Nimeshawaelezea wenzangu jambo hilo mara nyingi, kwa michoro. Nawaambia, pale mkekani kuijua sababu hakukunisaidia hata kidogo. Nilikuwa nangoja, kama walivyongoja wote, kusikia kama bibi atajibiwa. Mvua iliendelea kupiga bati. Hatimaye shangazi akaenda kulifunika kabati kwa shuka, akirudi nyuma nyuma bila kuligeuzia mgongo.

Kundi letu lilipopata habari liligawanyika. Karani alinipigia siku iliyofuata. “Zungumza na binti,” akanisihi. “Mwambie akubali. Wakiikosa sauti ile, Waungwana wamekufa. Wakiipata, mama yake hafi kamwe.” Alisema kwa mapenzi, sina shaka. Lakini maneno “hafi kamwe” yalinitisha kuliko yaliyotokea kabatini. Nilijiuliza ni nani ametuambia kwamba kutokufa ni zawadi, na kama ni zawadi, kwa nini tunampa mtu ambaye hawezi tena kuikataa.

Nilikwenda kwa binti nikiwa sijui nitasema nini. Alinitangulia. “Dada, wewe ndiye unayezielewa kompyuta. Wakiichukua sauti ya mama, wanaweza kuisemesha lolote?”

“Lolote.”

“Hata ambalo mama asingelisema?”

“Hata hilo.”

Bibi alikuwa pembeni anachambua mchele kwa vidole, nikadhani hasikii tunayosema. Akaweka ungo chini. “Nyinyi mnadhani nimepotewa na akili,” akasema. “Mnafunika makabati. Mimi najua yule ni sungura. Nilikuwepo siku mwanangu alipomleta nyumbani, nikamcheka, nikamwambia, sasa umekuwa mnyama.”

“Sasa mbona ulimwitikia, bibi?” akauliza mjukuu wake.

“Mwanangu akiniamkia, ninyamaze? Ile shikamoo aliisema kweli. Aliisema siku moja, akiwa hai, akiwa na pumzi zake, na mimi mama yake haki yangu kuipokea. Lakini hayo mengine wanayotaka kumtia kinywani, nikiyasikia kwa sauti yake, nitamwitikia nani?”

Nilimwangalia binti. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha. Kisha akachukua simu, akampigia yule kijana wa mtengenezaji mpya tukiwa palepale. Alimwambia kalibu na majina ni mali ya waliozinunua, hana la kusema, ila sauti ya mama yake haiendi. Kijana alimwomba afikirie tena, mama atakumbukwa nchi nzima. Binti akamjibu taratibu, “Kaka yangu, atakumbukwa na tuliomjua. Tunatosha.” Bibi akarudi kwenye mchele wake. Midoli ya kabatini binti amewarudishia wenyewe, kila mmoja na vazi lake, isipokuwa yule sungura wa mama yake, ambaye bibi alisema abaki.

Karani amejitoa katika kundi letu. Simlaumu, ila nilipoona jina lake limetoka, nilisikia kitu kama msiba wa pili. Mwalimu wa Miono anasema Waungwana wapya wakija, wenye sauti ya mtu mwingine, atamnunulia mwanawe, ili naye awe na harufu yake ya kukumbuka. Nami nimewaza sana, kama ada yangu, na safari hii kuwaza kumenifikisha mahali. Sisi wakusanyaji huogopa kitu kubadilisha mtengenezaji, na woga huo si wa kipuuzi, kwa sababu kitu kilichopendwa hubeba mkono wa aliyekifanya. Ila tulikosea tulipodhani kwamba dawa ya woga huo ni kumshika aliyekifanya na kumzuia asiondoke. Wanaotengeneza wanabadilika. Anayekufa habadiliki, amekamilika, na kumpenda ni kumpokea kama alivyoachwa na siku zake. Kama una ujumbe wa sauti wa baba yako kwenye simu, au picha ya dada yako akicheka, tunza. Sikiliza, tazama, lia ukitaka. Lakini mashine ikikuahidi kwamba inaweza kumfanya aendelee kuzungumza, kumbuka kwamba atakayeendelea si yeye. Marehemu amekwisha sema aliyokuwa nayo. Tusimwongezee hata neno moja.