Mbwa Aliyetakiwa Jina Kamili

Nimepanga vyumba katika miji mingi tangu nitoke Sumbawanga, na kila nikihamia mahali papya hujikuta nasikiliza majirani wanavyoita mbwa wao. Mara nyingi nasikia Simba, Tomi, Polisi, na moyo wangu unanyong'onyea. Hayo si majina ya mbwa kama tulivyoyajua sisi.

Kwetu Mazwi, mtaa wa Sumbawanga, nilipokuwa kijana, mtu aliyekosewa na jirani yake hakumfuata mlangoni kugombana. Alitafuta mtoto wa mbwa, akampa jina la maneno yaleyale aliyotaka kuyasema. Halafu jioni anatoka uani na kumwita kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Hakuna baraza lililoweza kumshtaki mtu kwa kumwita mbwa wake aje kula.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alikuwa na mtoto wa mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alimwita Mpaka Umetembea.

Aliyeambiwa hivyo alikuwa bwana mifugo, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya kung'aa hata wakati wa matope. Bibi alikuwa amekwenda Muze kumuuguza dada yake. Aliporudi baada ya wiki mbili, mstari wa mikonge uliotenganisha viwanja vyao ulikuwa umesogea hatua moja upande wetu. Bwana mifugo alieleza kwamba ile ya zamani ilizeeka, akapanda mipya. Bibi akasema, "Haya, baba." Kesho yake akaenda kutafuta mbwa.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa, "Mpaka Umetembea! Njoo ule! Unajificha nini, na watu wote wameshakuona?" Ng'ambo ya mikonge, redio ya bwana mifugo iliongezwa sauti.

Mwezi wa pili wa mwaka ikaja barua ya mjomba kutoka Tabora. Mguu wa bibi ulikuwa umevimba, na mjomba alitaka akatibiwe huko na kukaa naye moja kwa moja. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, malori yalilala njiani siku nne, kwa hiyo angempandisha ndege ndogo iliyotua kwetu mara moja kwa wiki. Bibi alinisikiliza nikisoma hadi mwisho, akasema, "Mwandikie nitakuja. Mimi na mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

Akamwonyesha mbwa kwa kidevu.

Mjomba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Alikwenda kuuliza ofisi ya ndege, akaniandikia masharti kwa mpangilio kama mwalimu. Mbwa awe ametimiza miezi mitatu. Awe amechanjwa kichaa cha mbwa siku zisizopungua thelathini kabla ya safari, na awe na cheti chenye rangi, alama na jina lake. Siku ya kuondoka akaguliwe, apewe cheti cha afya. Asafiri ndani ya sanduku lenye matundu, ambamo anaweza kusimama na kugeuka. Safari ilikuwa baada ya wiki tano. Yaani tulikuwa na siku tano za kumchanja.

"Mimi nimekwenda mpaka Kasanga bila kuchanjwa," bibi alisema. "Lakini sawa. Miezi mitatu anayo, alizaliwa watu wakipanda ulezi. Sanduku utatengeneza. Sindano iko wapi?"

Sindano ilikuwa kwenye friji ya mafuta ya taa katika ofisi ya mifugo, na ufunguo wa friji ulikuwa mfukoni mwa jirani.

Nilimkuta mezani kwake, mbwa nimempakata. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Ng'ombe?"

"Mbwa, mzee. Wa bibi."

Aliweka kalamu chini taratibu. Lakini lazima niseme ukweli, alikuwa mtumishi mwaminifu, katika mambo yote yasiyohusu mikonge. Alimchukua mbwa, akamshika mdomo, akamdunga kabla hajajua kinachoendelea. Kisha akafungua kabati na kutoa fomu ya zamani sana, ya enzi za wakoloni waliosafiri na mbwa wao. Akajaza rangi. Akajaza masikio, moja moja. Akafika kwenye mstari wa jina, akasimama.

"Hapa tuandike Simba."

"Haitwi Simba, mzee."

"Najua anavyoitwa! Mtaa mzima unajua anavyoitwa!" Akashusha sauti. "Kijana, wewe umesoma. Hii ni karatasi ya serikali. Juu pameandikwa Mpaka Umetembea, chini nimeweka saini yangu na mhuri. Hiyo inaitwa nini?"

"Cheti cha chanjo."

"Inaitwa kukiri."

Nikarudi kwa bibi na pendekezo la Simba. Alikuwa akichambua maharage, wala hakuinua kichwa. "Simba ni mbwa wa watu wasio na la kusema. Nikimbadilisha jina leo, nimesema mpaka haukutembea. Mwambie aandike, au nabaki hapa na mguu wangu, na nitamwita mbwa asubuhi pia."

Siku tatu nilikuwa kama posta kati ya nyumba mbili; kutoka mlango wetu hadi kwenye mikonge ni hatua thelathini. Ishirini na tisa, kama bibi alivyopenda kusahihisha. Mguu wake ulizidi kuvimba. Usiku wa tatu nilimsikia akiuma meno alipojigeuza kitandani, na asubuhi nikafanya jambo ambalo nililiona la akili sana. Nilimwomba bwana mifugo aandike neno moja tu, Mpaka. Mpaka peke yake haumshtaki mtu. Akaliandika, akagonga mhuri kwa tarehe ileile ya sindano. Nikampelekea bibi, ambaye hakujua kusoma, na nikamsomea kwa sauti: "Jina, Mpaka Umetembea." Neno la kwanza nililisoma kwenye karatasi. La pili nililisoma hewani.

"Kumbe ana woga wa Mungu," bibi alisema.

Siku ya safari tulifika uwanjani mapema. Bibi alivaa kitenge kipya na kofia ya sufu. Mbwa alikuwa ndani ya sanduku la sabuni nililolitoboa matundu kwa msumari wa moto, hajala tangu jana yake ili asitapike angani. Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli kutoa cheti cha afya. Alimpima joto, akamwangalia meno na macho, akaandika kwamba yuko sawa. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona. Alimwita bibi "mama yangu" mara mbili.

Ndege ikatua, ikarusha matope. Karani wa uwanja, kijana mwenye miwani na kitabu kikubwa, akachukua cheti na kuanza kulinganisha.

"Kahawia, ndiyo. Sikio la kulia limesimama, ndiyo. Jina..." Akainama kwenye sanduku. "Mpaka! Mpaka!"

Mbwa alimtazama kama tunavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

"Haitiki," karani alisema. "Ndugu, nina uhakika gani kwamba huyu ndiye aliyechanjwa?"

"Mwite jina lake lote," bibi alisema.

"Bibi, hapa pameandikwa Mpaka, basi."

Bibi alinigeukia. Kwetu bibi humtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita mume, na siku zote alikuwa akiniita hivyo kwa kicheko. Safari hii hakucheka. "Mume wangu, ulinisomea nini?"

Bibi akaenda kwenye sanduku la mbwa, akalikalia.

"Ndege iende," alisema. "Mimi nimefika."

Rubani alikuwa akitazama mawingu yaliyokuwa yakija upande wa Ziwa Rukwa. Abiria waliokwisha kupanda walichungulia madirishani. Nilimsihi bibi kuhusu mguu, nikamsihi karani, na wote wawili walikuwa mawe. Aliyesogea alikuwa bwana mifugo. Niliona uso wake ukipiga hesabu: jioni hii, jioni ya kesho, na sasa asubuhi pia, maisha yake yote. Akatoa kalamu.

"Lete hicho cheti."

Aliongeza neno lililokosekana. Karani akasema masahihisho ni lazima yawe na jina kamili la afisa na saini yake kando. Akaweka jina kamili, akaweka saini.

"Soma," bibi alisema, bado amekaa. "Safari hii asome aliyeandika."

"Mama, ndege..."

"Soma."

Akasoma kwa sauti ya kuungama.

"Injini zina kelele, baba," bibi alisema.

"MPAKA UMETEMBEA!" bwana mifugo alipaza sauti, na ndani ya sanduku mbwa akaruka, akabweka, akapiga mkia kwenye mbao chini ya bibi.

Mlangoni mwa ndege alisimama mfanyabiashara wa samaki, mtu asiyejua habari yoyote. Akauliza kwa nia njema kabisa, "Umetembea hatua ngapi?"

"Moja tu," bwana mifugo alijibu, kabla hajafikiri.

Bibi akainuka. Alipanda zile ngazi kwa mguu wake mbaya kama bibi harusi, akashika cheti mkononi, na mbwa akapakiwa nyuma pamoja na mizigo.

Ndege ilipopotea, tulibaki wawili uwanjani. Bwana mifugo alifuta matope kwenye viatu kwa leso, kiatu kimoja, kisha kingine.

"Kijana," alisema, "huko Tabora kuna watu wa Mazwi?"

Mtaa wa mjomba ulijaa walimu wa kwetu. Wawili walikuwa wamepanga nyumba moja naye.

"Hakuna hata mmoja, mzee," nilimjibu.

Akapanda baiskeli yake akipiga mluzi.