Ng'ombe Wangu Wanane wa Ipagala

Jumamosi iliyopita nilikuwa naanika mapazia uani, likapita pikapu la matarumbeta, limebeba wanaume sita waliovimba mashavu, na bibi harusi anafuata nyuma kwenye gari lenye maua. Miguu yangu ikaanza kucheza yenyewe. Mwanangu akaniambia, "Mama, unatuaibisha." Mwache aseme. Hajui kwamba niliwahi kulikosa pikapu kama lile kwa sababu ya ng'ombe, tena ng'ombe ambao hawakuwepo.

Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya mwezi wa sita, ule msimu ambao upepo wa Dodoma unakutilia mchanga kwenye chai kabla hujatia sukari. Tulikuwa marafiki watatu pale Ipagala: mimi Zuhura, Yona, wa nyumba ya pili yenye ua wa minyaa, na Chiku, ambaye mdomo wake hata walimu waliuogopa. Jumapili ile shangazi yake Yona alikuwa anaolewa. Wapiga matarumbeta walifika tangu Ijumaa kufanya mazoezi uani kwao, na jamani, acheni! Ule mlio ulikuwa hauingii masikioni, unaingia tumboni. Bibi yangu, ambaye siku zote alisema muziki ni wa watu wasio na kazi, nilimkuta jikoni akisonga ugali kwa kufuata mdundo.

Mpiga ngoma kubwa aliitwa Mjomba Sefu. Alituona tumekodoa macho akatuonea huruma. "Jumapili tukizunguka mtaani na bibi harusi, nina nafasi ya mtoto mmoja," akasema. "Atapiga matoazi. Mmoja tu. Mtajuana wenyewe."

Kupiga matoazi juu ya pikapu, mbele ya mtaa mzima! Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyokitaka kile, na hapo nahesabu hata mume. Jioni hiyo niligonganisha vifuniko vya sufuria mpaka baba akaniuliza kama nimeingiwa na shetani.

Yona alidai nafasi ni yake, mcheza kwao hutunzwa. Chiku akamwambia anayeolewa ni shangazi, yeye atulie. Basi tukaamua kwa mbio za matairi. Unachukua tairi kuukuu la gari, unatia maji ya sabuni ndani ili vijiti vyako viwili viteleze, unalisukuma huku unakimbia nyuma yake. Tungeanzia kwenye mashine ya kusaga na kuishia kwenye lango la kina Yona.

Jumamosi ilikuwa ya majaribio. Tulikimbia tangu asubuhi mpaka tukawa weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga wao wenyewe. Tuliangukiana, tukacheka, na kila tulipopita karibu na ua wa minyaa wapigaji walitupulizia tarumbeta moja la kututia wazimu. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilitoka kwa bibi yangu. Aliketi kibarazani akichagua mchele, akatuona tunapita mbio mbele ya mama mmoja bila kumwamkia.

"Nyie! Mtu mzima mnampita kama nguzo ya umeme? Asiyetoa shikamoo hajashinda kitu. Nitamwambia huyo mpiga ngoma mimi mwenyewe."

Ikawa sheria. Sasa niambieni, mtu unashindanaje hivyo, na wageni wa harusi wanamiminika kutoka Ihumwa, Kongwa na kwingineko, wote watu wazima, wote njia ile ile? Yona alifupisha, "Shkamoo-shkamoo-shkamoo," kama pikipiki inayokataa kuwaka. Chiku ndiye aliyekuwa na akili. Alipaza sauti mara moja, "Shikamooni nyoteee!" na hiyo ikawatosha walio mbele, walio nyuma, na waliokuwa bado njiani.

Jumapili asubuhi, mwanamke wa mashine ya kusaga akatupigia debe tupu, tukatimka. Yona alianguka kwenye kona ya kwanza, vijiti huku, ndala kule. Chiku alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa naongoza, ndugu zangu! Upepo ulikuwa mgongoni, tairi linanikimbia kwa utii, na kule mbele matarumbeta yameshaanza. Zilibaki nyumba tatu.

Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja amesimama kando ya njia, amevaa koti zito na fimbo mkononi.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, akanyoosha mkono.

Mkono wa mzee huukatai. Nikampa wangu, akaushika, hakuuachia. Tairi langu likaendelea peke yake.

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Mama?"

"Hajambo."

"Na bibi?"

"Hajambo, babu."

"Ng'ombe hawajambo?"

Sisi tulikuwa na duka la vitambaa. Hata kuku hatukuwa naye. Lakini niliona nikisema hatuna ng'ombe ataanza kuuliza kwa nini, na tutakesha.

"Hawajambo."

"Wangapi?"

"Wanane."

"Ahaa!" Uso ukamfunguka. "Na kiangazi hiki, wanakula nini?"

"Majani."

"Majani ya wapi?"

Kwetu majani yalikuwa ya aina moja tu. "Ya dukani, babu. Ya paketi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, mabega yanacheka. Chiku akatupita mbio, "Shikamooni nyoteee!"

Tairi langu, kwa kusukumwa na upepo, lilipita langoni kabla ya Chiku, likawakosakosa wapishi wa pilau, likagonga ngoma kubwa: *buuum!* Watu wakashangilia. Nilipofika nikihema, nikadai ushindi ni wangu. Mjomba Sefu alifikiri, akakuna kidevu.

"Tairi limeshinda, sibishi. Lakini tairi halina mikono ya kupiga matoazi."

Chiku akapanda. Alipiga nje ya mdundo mtaa mzima, na alifurahi mno, mshenzi yule. Mimi nilitembea nyuma ya pikapu nikilia waziwazi, na tairi langu begani. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote.

Kumbe alikuwa babu yake Yona wa Kongwa. Tangu hapo, kila Yona alipotoka likizo Kongwa alinijia na salamu: "Babu anauliza ng'ombe wako hawajambo." Salamu ni nusu ya kuonana, huwezi kuzikataa. Nikajibu mmoja amezaa. Likizo nyingine wamezaa wawili. Mmoja nikamfanya mwenye kwato mbovu, babu akatuma dawa ya mizizi imefungwa kwenye gazeti. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka sita, na nilipohama Dodoma kwenda sekondari ya bweni niliacha kundi la ng'ombe ishirini na watatu.

Mwaka jana nilikutana na Yona msibani Miyuji, mtu mzima mwenye upara. Nikamwomba msamaha kwa kumdanganya babu yake, ambaye alishafariki zamani. Yona akanishangaa.

"Kumdanganya? Zuhura, ng'ombe wanaokunywa chai? Alijua siku ile ile."

"Sasa mbona aliniuliza miaka yote hiyo?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo hapo utotoni hakuna aliyetueleza: mwaka ule kabla ya harusi, ukame ulimaliza ng'ombe wote wa babu. Zizi zima. Watu wakaacha kumuuliza habari za ng'ombe, kwa kumhurumia, na yeye hakuwa na salamu nyingine ya kumpa mtu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nao.

Baadaye nikamuuliza Yona, ili tu nisilie mbele za watu, kama babu alikumbuka mwishoni nilikuwa na ng'ombe wangapi.

"Ishirini na saba," akasema.

Mimi niliacha ishirini na watatu.