Mkanda wa Cherehani ya Kunegunda

Pikipiki iliyonitoa stendi ilinirarulia suruali kabla sijaujua mtaa hata mmoja wa Songea. Dereva alicheka, akanishusha mtaa wa Lizaboni mbele ya kibaraza cha mafundi wawili. "Hawa watakushonea." Muda si mrefu nilikuwa kwenye benchi, nimejifunga kitenge cha kuazima, suruali yangu iko chini ya sindano ya Kunegunda.

Ana miaka arobaini na mmoja. Saa nane mchana ule alikuwa na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea. Akifaulu, chuo kimoja cha ushonaji kitamchukua awe mwalimu. Mwaka juzi alifeli. Mwaka jana alifika mlangoni pa chumba cha mtihani, akageuka, eti ana gauni la kumalizia.

"Ni hizi have na had," aliniambia huku akikanyaga cherehani. "Mwalimu alichora mistari ubaoni mpaka chaki ikaisha, sikuelewa. Aliyenielewesha ni Zuhra."

"Naye ni mwalimu?"

"Mteja! Alileta kitenge, akataka mikono mifupi. Nikakata. Hapo ungeniuliza, mkasi bado mkononi, ningekujibu: I have cut it. Kitambaa hicho hapo, kitazame. Mara Zuhra akaingia: 'Fundi, nimeghairi, nataka mirefu!' Tukagombana! Leo nikikusimulia, nasema: when Zuhra came, I had cut it. Mkasi ulishamtangulia."

Nimejifunza lugha katika miji mingi, na hakuna aliyewahi kunieleza jambo hilo vizuri hivyo. Nikamwambia.

"Si unasikia?" alidakia Lidwina, fundi wa cherehani ya pili. "Nenda sasa. Saa saba na nusu hii."

"Nimalizie suruali ya kaka."

"Mwaka jana gauni la bibi harusi, mwaka huu suruali ya mgeni!"

Kunegunda aliinama zaidi, akazidi kukanyaga. Lidwina akainuka, akauchomoa mkanda kwenye gurudumu la cherehani ya mwenzake, akajifunga nao kiunoni.

"Haya, mama. Shona kwa ulimi."

Kunegunda aliangukia meza kwa kicheko. Alipoinuka alifuta macho, akachukua kalamu mbili na kitambulisho.

"Kaka, utanisubiri?"

"Na kitenge hiki nitakwenda wapi?"

Akasimamisha pikipiki, akapanda. Ilipokata kona alikuwa akimpiga dereva begani, akimhimiza aongeze mwendo.